Siku 321 za Waziri Mkuu Kawawa

Hotuba kwa walimu wa Historia na Uraia wa shule za sekondari, Songea

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliofika, walimu wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Madarasani kwetu mwaka 1962 ni mstari mmoja. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, tarehe 9 Desemba 1962 ikawa Jamhuri, Mwalimu Nyerere akawa Rais wa kwanza. Mwanafunzi anaandika, mwalimu anaweka vema, tunageuza ukurasa tunaingia Muungano na Azimio la Arusha. Kati ya tarehe hizo mbili kuna serikali nzima iliyoingia madarakani tarehe 22 Januari 1962, ikakaa siku 321, ikatunga sheria, ikaondoka. Nimeombwa nizungumze juu ya serikali hiyo. Na kwa kuwa tuko Songea, na aliyeiongoza ni mtoto wa huku, mzaliwa wa Matepwende, nitamsifu bila haya pale anapostahili. Pale pengine nitamsema. Wazee mnivumilie.

Kwanza lipo jambo ambalo vijana hukataa kabisa kuliamini. Nchi hii baada ya uhuru ilikuwa ufalme. Elizabeth wa Pili alikuwa Malkia wa Tanganyika, kwa jina hilo hilo, mbali na kuwa Malkia wa Uingereza. Mwakilishi wake alikuwa Gavana-Jenerali, Sir Richard Turnbull, ambaye hadi usiku wa kuamkia uhuru alikuwa gavana wa kikoloni. Bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, mwenye nyumba pale Ikulu akabaki yule yule. Muswada ukishapita Bungeni, katika Ukumbi wa Karimjee, haukuwa sheria mpaka Turnbull autie saini kwa niaba ya Malkia. Waziri Mkuu naye aliteuliwa na Gavana-Jenerali, kwa sharti kwamba awe mbunge anayeungwa mkono na wabunge walio wengi. Kuwatafuta hao walio wengi hakukuwa kazi: katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilikwenda kwa mwana-TANU aliyegombea kivyake.

Malkia mwenyewe hakuwahi kukanyaga ardhi ya Tanganyika akiwa Malkia wake. Sherehe za uhuru alimtuma mumewe, Prince Philip. Yeye alikuja mwaka 1979, akiwa mgeni wa Rais Nyerere, mambo haya yakiwa yameshasahaulika.

Sasa, serikali ya kwanza chini ya mpango huo ilikuwa ya Mwalimu, na ilidumu siku 44 tu tangu uhuru. Mwezi Januari 1962 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikaa Dar es Salaam siku kadhaa, na tarehe 22 Nyerere akatangaza kwamba anajiuzulu uwaziri mkuu. Wako walioamini amepinduliwa. Ndani ya tangazo lake alisema ameteua yeye mwenyewe kikosi kipya cha mawaziri, na kinara wao ni Rashidi Mfaume Kawawa. Yeye anarudi kwenye chama, kukijenga upya na kuwashirikisha wananchi katika vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi.

Hapa wanahistoria hubishana: alisukumwa au aliamua? Ndani ya chama kulikuwa na watu waliochoshwa na kasi ya kuwapa Waafrika vyeo serikalini. Uhuru umepatikana, lakini ukiingia ofisini bado unamkuta Mzungu kwenye kiti. Waziri wa Fedha alikuwa Sir Ernest Vasey, aliyewahi kushika wizara hiyo hiyo Kenya ya kikoloni. Vyama vya wafanyakazi navyo vilikuwa na sauti kali. Na TANU yenyewe ilikuwa imenyauka kwa namna ya ajabu, kwa sababu makatibu wake hodari walikuwa wamehamia kwenye mafaili ya serikali. Mimi sioni kwa nini tuchague jibu moja. Alisukumwa, na aliposukumwa akachagua mwenyewe pa kuangukia. Miezi iliyofuata alizunguka mikoani, akaandika juu ya ujamaa, akaiweka TANU sawa. Wakati huohuo aliyekuwa anaamka asubuhi na kwenda kuongoza Baraza la Mawaziri alikuwa Kawawa.

Kawawa alikuwa na umri wa miaka 35. Alisoma Tabora, kama wengi wa rika lake waliokuja kushika nchi. Aliajiriwa katika Ustawi wa Jamii, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, kwa hiyo sura yake ilijulikana kabla ya siasa yake. Ndiyo, walimu, Waziri Mkuu wetu wa pili alikuwa mwigizaji. Mwambieni hivyo kijana anayesinzia kipindi cha saa nane mchana, ataamka.

Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, hivyo Kawawa akapitia mlango wa pili: akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kisha akaacha kazi na kuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, lililoundwa 1955. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma, TFL iliwaomba wananchi waisusie bia, na watu wakaisusia. Fikirieni uzito wa jambo hilo: kumwambia mtu wa Kariakoo jioni ya Jumamosi asinywe, naye akakubali kwa ajili ya mshahara wa mtu asiyemjua. Nitarudi kwenye hili, kwa sababu bila hilo hatuwezi kuelewa alichokifanya mwaka 1962.

Nyote mmefanya kazi serikalini, mnajua maana ya kukaimu. Kaimu mkuu wa shule hapaki rangi jengo. Hahamishi walimu. Anasaini yale ya kila siku, anasubiri mwenyewe arudi au mwingine ateuliwe. Na tangu mwezi Februari ilikuwa imeshajulikana kwamba TANU inataka Jamhuri yenye Rais mtendaji, na hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyejiuliza Rais huyo atakuwa nani. Maana yake serikali ya Kawawa ilijua inakaa kwa muda. Kwa kanuni zetu za kiofisi ingetulia.

Haikutulia hata kidogo. Miezi ile kumi na nusu ndiyo iliyotupa sehemu kubwa ya mifupa ya dola tuliyo nayo. Kama mtatoka hapa na kitu kimoja, nataka kiwe hicho.

Tazameni utawala wa mikoa. Mkoloni alikuwa na majimbo chini ya PC, na wilaya chini ya DC, yule Bwana Disii wa hadithi za babu zetu. Serikali ya Kawawa ikawaondoa, ikaweka Wakuu wa Mikoa, na wilayani ikaweka mtu ambaye wazee hapa bado wanamwita Eria Kamishna. Huyu alikuwa mwanasiasa aliyeteuliwa, na kofia zake zilikuwa mbili: mwakilishi wa serikali na Katibu wa TANU wa wilaya. Mtu mwenye shida ya barabara na mtu mwenye shida ya kadi ya chama walikwenda mlango mmoja. Kwa wananchi wa wakati ule ilikuwa raha, maana kwa mara ya kwanza aliyekaa kwenye kiti cha Bwana Disii alikuwa mtu uliyemfahamu, labda mlikuwa mnakusanya ada za TANU pamoja mwaka 1957. Ukija upande wa pili, mstari kati ya chama na dola ulifutika hapo, zaidi ya miaka miwili kabla ya sheria yoyote ya chama kimoja. Tukifundisha kwamba mfumo wa chama kimoja ulianza 1965, tunafundisha tarehe ya karatasi.

Machifu walipitiwa na wimbi hilo hilo. Uamuzi wa kuwavua mamlaka ya serikali uliiva chini ya Kawawa, na 1963 sheria ya kikoloni iliyowatambua ikafutwa. Hapa Songea nkosi wa Wangoni akabaki na heshima ya jadi bila nguvu ya serikali. Watu hudhani ulikuwa ugomvi kati ya wasomi na machifu. Haikuwa hivyo. Waziri wa Sheria alikuwa Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, mwaka huohuo wa 1962 akawa Spika. Na Mwalimu ni mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Machifu wenye elimu walipewa viti ndani ya dola mpya, huku uchifu ukibaki nje unapigwa jua.

Kwenye vyeo, kasi iliongezeka mara moja. Vasey akaondoka, Paul Bomani akawa Waziri wa Fedha. Bomani alitoka kwenye ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alikuwa amezoea kuhesabu fedha za wakulima kabla hajahesabu za Hazina. Oscar Kambona alipewa Mambo ya Ndani. Wako Wazungu na Waasia waliobaki, kina Derek Bryceson na Amir Jamal, na wakafanya kazi nzuri. Sitakaa sana hapo. Habari ya vyeo hujirudia katika kila nchi iliyopata uhuru, haina mengi ya kutushangaza.

Panaponishangaza mimi ni kwenye wafanyakazi. Yule yule aliyewaambia watu wasinywe bia mwaka 1958, mwezi Juni 1962 serikali yake ilipeleka Bungeni sheria za kazi zilizoufanya mgomo kuwa jambo la karibu kutowezekana. Ukitaka kugoma, sharti kwanza mgogoro upite kwenye usuluhishi na baraza la uamuzi, na mwisho wa safari hiyo ndefu Waziri ana neno lake. Vyama vyote vilitakiwa viwe chini ya shirikisho moja linalotambuliwa na Waziri, na Waziri huyo akapewa jicho la kuangalia fedha zao. Wafanyakazi wa umma wakawekewa utaratibu wao wa majadiliano.

Msidhani TFL ilipiga makofi. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, alikuwa miongoni mwa waliokataa kuviona vyama vikimezwa na TANU. Serikali ilimpa heshima ya kwenda kuwa Balozi London, na wote mnajua heshima ya namna hiyo hutolewa kwa nani na kwa nini. Kabla mwaka haujaisha akauacha ubalozi, akarudi kwenye siasa za upinzani. Baadaye akawekwa kizuizini. Miaka miwili baada ya sheria zile, kufuatia maasi ya askari ya Januari 1964, TFL yenyewe ikavunjwa na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa mahali pake.

Je, Kawawa aliwasaliti wenzake? Nimesikia swali hilo mara nyingi, na huulizwa kwa hasira zaidi na watu waliowahi kuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi. Kwa maoni yangu alikuwa mtu aliyeijua silaha kwa sababu aliishika. Alijua siku TFL ikiamua kufunga reli, bandari na mashamba ya mkonge kwa wakati mmoja, serikali yenye umri wa miezi sita haina pa kusimama. Mgomo wa reli wa mwaka 1960 ulikuwa umedumu karibu miezi mitatu. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wenye mishahara ni wachache na wakulima ni wengi, na nyongeza ya bandarini inalipwa na jembe la kijijini. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini angalieni alichokitoa kama malipo: bodi ya kima cha chini cha mshahara ilifanya kazi mwaka huohuo, na viwango vilipanda kweli. Mfanyakazi akapewa shilingi, akanyang'anywa sauti. Wengi waliikubali biashara hiyo, na wengi wangeikubali leo.

Kisha ikaja Septemba. Wazee, hapa ndipo nilipoomba mnivumilie.

Mwezi huo Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Inajulikana kama sheria namba 60 ya 1962. Iliruhusu mtu kukamatwa na kuwekwa ndani bila kushtakiwa, kwa amri ya mkuu wa nchi akiridhika kwamba mtu huyo ni hatari kwa amani au usalama, na mahakama haikuwa na nafasi ya kuihoji amri hiyo. Nchi ilikuwa na amani. Hakukuwa na waasi msituni, hakukuwa na njama iliyofichuliwa. Wabunge waliinuka wakauliza maswali, wakajibiwa kwamba taifa changa linahitaji kinga, kisha wakaipitisha.

Na kwa kuwa tulikuwa ufalme, muswada ule ulihitaji kibali kwa jina la Malkia. Turnbull kabla ya kuja Tanganyika alikuwa serikalini Nairobi wakati wa Mau Mau, anajua vizuri kizuizini ni nini na kinatumikaje. Kawawa naye, akiwa mtumishi wa Ustawi wa Jamii, aliwahi kutumwa kufanya kazi na Wakikuyu waliokuwa wamezuiliwa magharibi mwa Tanganyika wakati wa hali ya hatari ya Kenya. Mmoja alikuwa upande wa waliofunga, mwingine alikaa na waliofungwa. Wote wawili sheria ile ikapita mikononi mwao mwaka mmoja. Sijawahi kupata ukurasa katika historia yetu unaonikera kuliko huo.

Msinitafsiri vibaya. Sisemi Kawawa alikuwa katili. Kila aliyefanya naye kazi anashuhudia upole na unyenyekevu wake. Ndiyo maana jambo lenyewe linatisha. Sheria kali ilitungwa na watu wazuri, kwa nia njema, ikiwa imelengwa kwa mtu mzuri mwingine aitumie. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuangalia suala la chama kimoja au vyama vingi, ilipoorodhesha sheria 40 za kukandamiza haki, hiyo ilikuwamo, pamoja na sheria za Wakuu wa Mikoa na za Wakuu wa Wilaya za mwaka ule ule wa 1962.

Nimesema ililengwa kwa mtu. Hapo ndipo kwenye kazi kubwa kuliko zote za serikali ile, nayo ni kutengeneza urais.

Waraka wa Serikali wenye mapendekezo ya Jamhuri ulitoka mwezi Mei, ukajadiliwa Bungeni Juni. Ningependa kila mwalimu wa Uraia ausome, kwa sababu hoja zake zimeandikwa vizuri kuliko nyingi tunazozisikia siku hizi. Ulisema utaratibu wa Kiingereza, wa kuwa na mkuu wa nchi mwenye heshima asiyekuwa na mamlaka, na Waziri Mkuu mwenye mamlaka asiyekuwa na heshima hiyo, ni mgeni kwa watu wetu. Kwetu heshima ya mtawala na nguvu zake ni kitu kimoja, kama ilivyokuwa kwa chifu. Basi Rais awe na vyote viwili. Mnaona mchezo ulivyochezwa? Hoja ya uchifu ikajenga urais katika mwaka ule ule ambao uchifu wenyewe ulikuwa unavunjwa. Waraka huo ulikataa pia kuweka orodha ya haki za binadamu katika Katiba, kwa maelezo kwamba italeta migongano kati ya serikali na mahakama, na kwamba mahakimu huru wanatosha. Haki hizo ziliingia katika Katiba yetu mwaka 1984 tu, na mahakama ikaanza kuzitumia 1988.

Tarehe 1 Novemba wananchi wakapiga kura ya Rais. Mwalimu alipata kura zaidi ya milioni moja na laki moja. Mpinzani wake alikuwa Zuberi Mtemvu wa chama cha Congress, mtu aliyetoka TANU mwaka 1958 kwa sababu ya ubishi wa kura tatu kule Tabora, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, naye alipata kama 21,000. Mwezi huohuo Bunge likageuzwa Bunge Maalumu, likapitisha Katiba. Hakuna aliyekwenda kijijini kuuliza wananchi wanaitaka katiba ya namna gani. Wabunge walewale, ukumbi uleule, siku chache.

Sasa nisaidieni kuisoma. Chukueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano, hii ya leo mliyo nayo kwenye simu, fungueni Ibara ya 37. Inasema Rais "atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote", isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Kifungu hicho hakikutoka kwa Mwingereza. Chini ya Mwingereza ilikuwa kinyume chake: Gavana-Jenerali alipaswa kufuata ushauri wa mawaziri. Kiliingia katika Katiba ya Jamhuri ya 1962. Nendeni Ibara ya 66, mtakuta Rais anateua wabunge wasiozidi kumi. Nacho ni cha 1962. Ukubwa wa mamlaka hayo ulikubaliwa kwa sababu kila mtu aliyekaa Karimjee alikuwa anaiona sura ya mtu atakayeyashika, na alimwamini. Fundi alikata suti kwa kipimo cha mwili mmoja, na tangu hapo kila anayeingia Ikulu anaivaa vilevile.

Naomba niwapeleke kidogo kwa majirani, ili tuone kwamba yetu ilikuwa na upekee wake. Uganda ilimweka Malkia mwaka mmoja kamili, 9 Oktoba 1962 hadi 9 Oktoba 1963. Kenya vilevile, 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964. Ni kama walikuwa na kalenda moja ukutani. Uganda ilipomwondoa, Obote alibaki Waziri Mkuu, na Kabaka Mutesa akapewa urais wa heshima. Mnajua ilivyoishia mwaka 1966, Kabaka akikimbia kasri lake la Mengo. Kenya ilipomwondoa, Kenyatta aliyekuwa Waziri Mkuu akajipandisha mwenyewe kuwa Rais. Zanzibar ilikuwa na sultani wake, Jamshid bin Abdullah, chini ya katiba, na serikali ya Mohammed Shamte. Hiyo ilidumu tangu 10 Desemba 1963 hadi mapinduzi ya 12 Januari 1964, hata gharama za sherehe sijui kama zilikuwa zimekwisha kulipwa.

Katika hao wote, ni Tanganyika peke yake ambako Waziri Mkuu alijenga kiti kikubwa kuliko chake, akakifuta chake mwenyewe, akampisha mtu mwingine akikalie. Kawawa alikuwa na Bunge, alikuwa na polisi, alikuwa na vyama vya wafanyakazi alivyovijua toka ndani, na alikuwa na mwaka mzima kasoro wiki sita. Katika Afrika ya miaka ile, watu wamechukua nchi wakiwa na pungufu ya hapo. Yeye tarehe 9 Desemba 1962 akaondoka kwenye uwaziri mkuu, akawa Makamu wa Rais, na Turnbull akapanda ndege kwenda zake. Sifa hiyo sitamnyima, na sidhani tunamsifu vya kutosha. Tumezoea kumsifu kwa utii, kana kwamba utii ni kipaji kidogo cha mtu asiye na mawazo yake. Mtu aliyetunga sheria za kazi za Juni 1962 dhidi ya marafiki zake wa miaka saba alikuwa na mawazo yake.

Lakini uaminifu huo huo una upande ninaotaka tuufundishe bila kuogopa. Serikali inayojua itakaa na madaraka yake huwa na sababu ya kujiwekea mipaka, maana kesho madaraka hayo yaweza kuwa mikononi mwa mwingine, na mipaka hiyohiyo ndiyo itakayoilinda ikiwa nje. Serikali ya Kawawa haikuwa na woga huo. Haikuwa inajiongezea nguvu, ilikuwa inamwandalia mwingine, na kwa hiyo haikuona aibu. Ukimwambia mtu mwema ajipe mamlaka ya kuwafunga watu bila mashtaka, atasita. Ukimwambia ampe mamlaka hayo kiongozi anayempenda, atasaini na kwenda kulala. Nadhani ndivyo ilivyokuwa, na nadhani ndiyo maana mambo mengi mazito yalipita katika muda mfupi vile, na kwa kelele chache vile.

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla hatujaingia humu kama haya yanaweza kuulizwa kwenye mtihani. Kwa mtindo wa sasa, hapana. Lakini hakuna anayewazuia kuwapa wanafunzi kazi hii: wachukue sheria tatu zinazowagusa leo, moja ya kazi, moja ya utawala wa mikoa, moja ya mamlaka ya Rais, wafuatilie nyuma hadi wafike mwanzo wake. Mkitumia maktaba ya mkoa na Magazeti ya Serikali ya zamani, wengi wao watajikuta wamefika mwaka 1962, na watamkuta hapo mtu wa Matepwende.

Jambo la mwisho, Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Cheo cha Waziri Mkuu kilichofutwa tarehe 9 Desemba 1962 kilikaa bila kuwapo zaidi ya miaka tisa. Mwalimu alipokirudisha, Februari 1972, mazingira yalikuwa mengine kabisa: Muungano umekuwapo, Azimio limetangazwa, wakoloni wa Kireno wanapigwa vita ng'ambo ya Ruvuma, na Waziri Mkuu sasa ni mtu wa chini ya Rais. Aliyeteuliwa alikuwa Kawawa. Alikishika hadi Februari 1977, alipompokeza Edward Sokoine. Ni zaidi ya mara tano ya muda ule wa kwanza, na kuna wazee humu ndani waliofanya kazi chini yake katika kipindi hicho cha pili, Operesheni Vijiji ikiwa imepamba moto. Wao wanajua mambo ambayo mimi nimeyasoma tu. Naomba maswali yaanze kwao.